Kulima nyuma ya maji: bustani za kingo za Mekong huko Isan

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa kumi hadi wa nne, ukingo wa mto Mekong upande wa Thailand huwa na mashamba ambayo mwezi wa nane hayaonekani kabisa. Wakati huo yako chini ya maji, na katika mji wa Nong Khai tofauti kati ya mto uliojaa na mto wa kiangazi inaweza kupita mita 10. Maji yakianza kushuka, wanavijiji hushuka nayo. Ukanda wa juu ukikauka kiasi cha kukanyagika, hulimwa na kupandwa. Baada ya siku kadhaa unatokea ukanda mwingine chini yake, nao hupandwa, na hivyo hivyo mpaka jembe lifike kwenye mchanga wa ukingoni kabisa.

Kazi yangu ni udongo wa mabonde ya mito, na kilimo hiki nimekifuatilia kwa karibu katika vijiji vya Isan, eneo la kaskazini mashariki mwa Thailand ambako Mekong ndio mpaka na Laos. Msomaji wa Rufiji hahitaji kuelezwa sana, kwa sababu kilimo cha mlau kinafuata njia hiyo hiyo: mafuriko yanaondoka, mbegu inaingia, zao linakua kwa unyevu ulioachwa. Ninachotaka kueleza leo ni kwa nini mfumo huu hutegemea zaidi mpangilio wa maji, yaani wakati na kasi ya kupanda na kushuka kwake, kuliko wingi wake, na nini kinatokea mpangilio huo ukivurugwa.

Nianze na mpunga, kwa sababu bila mpunga huwezi kuelewa bustani. Udongo wa mashamba ya Isan yaliyo mbali na mto ni wa kichanga, hauna rutuba nyingi, na sehemu nyingine una chumvi chini yake. Mpunga hutegemea mvua, kwa hiyo hulimwa mara moja kwa mwaka. Familia nyingi hupanda aina mbili. Moja ni mpunga wenye harufu nzuri uitwao KDML 105, uliotolewa rasmi mwaka 1959, ambao huuzwa zaidi. Nyingine ni RD6, mpunga wa kunata uliotolewa mwaka 1977 baada ya watafiti kuipiga mbegu ya huo wa kwanza kwa mionzi ya gama. Huu ndio unaoliwa nyumbani. Aina zote mbili hufuata urefu wa mchana: hata ukiwahi au ukichelewa kupanda kidogo, hutoa maua mchana unapofupika mwezi wa kumi, na huvunwa mwezi wa kumi na moja.

Sasa utazame mto. Mekong hufikia kilele chake mwezi wa nane au wa tisa, kisha huanza kushuka. Mpunga unapokaribia kuvunwa, kingo za juu zimeshafunuka. Mpunga ukiingia ghalani, mikono yote ya nyumba iko huru na ukingo unaendelea kufunuka. Kalenda mbili zimeshikana vizuri kiasi kwamba familia yenye eneo dogo la mpunga hupata kazi na kipato katika miezi ambayo jirani zao wa bara wanasubiri mvua. Kwa vipimo vya huko, shamba huhesabiwa kwa rai, na rai moja ni mita za mraba 1,600, kwa hiyo ekari moja ni kama rai mbili na nusu. Bustani za ukingoni mara nyingi hazifiki hata rai moja. Thamani yake inatokana na tope.

Tope hilo ni mashapo yaliyosafirishwa kutoka milima ya juu. Makadirio yanayotumiwa sana yanasema Mekong ulikuwa ukibeba takriban tani milioni 160 za mashapo kwa mwaka kabla ya mabwawa makubwa. Chembe laini zinatua pale maji yanapopungua kasi, yaani kwenye miteremko ya ukingo na kwenye visiwa vya katikati. Tabaka jipya linakuja na madini, linashika unyevu, na halina mbegu nyingi za magugu. Mkulima wa huko hulisugua kati ya vidole kabla ya kuamua apande nini. Likiteleza kama sabuni, hupanda mboga za majani. Likikwaruza, hupanda karanga au viazi vitamu.

Kila familia ina kipande chake kinachoshuka kutoka juu hadi majini, chembamba na kirefu. Ugawaji huu una akili sana. Kila mmoja anapata udongo wa juu unaofunuka mapema na udongo wa chini unaofunuka mwisho, na kila mmoja anafika kwenye maji ya kumwagilia bila kupita kwa mwenzake. Juu kabisa wanapanda migomba na mipapai. Chini yake mahindi, kunde ndefu na pilipili. Katikati nyanya, matango na tumbaku. Karibu na maji zinapandwa zile za haraka: saladi, giligilani, vitunguu vya majani, haradali, mboga ambazo zinavunwa ndani ya mwezi mmoja au mmoja na nusu. Kisheria ukingo ni ardhi ya umma na hauna hati, lakini kijijini kila mtu anajua kipande kipi ni cha nani, na mafuriko yakifuta mipaka, mwaka unaofuata inachorwa upya kwa vijiti vya mianzi bila ugomvi.

Nyanya ndiyo imeyapa maeneo haya jina. Wilaya ya Si Chiang Mai, ambako Vientiane, mji mkuu wa Laos, unaonekana ng'ambo, ni maarufu kwa nyanya na pia kwa karatasi za mchele za kufungia vitafunwa, ambazo wenyeji wenye asili ya Vietnam huanika juani kwenye chanja za mianzi. Nyanya hukubali hapo kwa sababu ya majira. Kati ya mwezi wa kumi na moja na wa pili usiku wa Isan ni wa baridi, na usiku ukiwa na joto sana maua ya nyanya hudondoka kabla ya kushika tunda. Baridi inakuja wakati ule ule ukingo umefunuka.

Siku ya kijijini inaanza gizani. Mchele wa kunata umeshinda kwenye maji usiku kucha. Sasa unapikwa kwa mvuke ndani ya chombo cha mianzi kilichosukwa umbo la pia, juu ya sufuria yenye mdomo mwembamba. Watawa wa Kibudha wanapopita kwa mstari wakiwa pekupeku, wanawake hupiga magoti mbele ya nyumba na kuweka tonge la wali kwenye bakuli la kila mmoja. Kisha wanateremka ukingoni kumwagilia kabla jua halijakaza. Zamani maji yalibebwa kwa mzega, siku hizi pampu ndogo na mpira wa plastiki ndivyo vinavyofanya kazi hiyo, kama vile pawatila ilivyochukua nafasi ya nyati shambani. Chakula cha mchana ni wali ule ule, uliotunzwa kwenye kikapu chenye kifuniko, na papai bichi lililotwangwa na pilipili, ndimu, na samaki aliyevundikwa kwa chumvi na pumba za mpunga kwa miezi. Nyanya, kunde na pilipili zake zimetoka hapo chini ukingoni, na samaki ametoka mtoni.

Wanaomwagilia wengi ni wazee. Vijana wako Bangkok au kwenye viwanda vya mashariki, wanatuma pesa kwa simu, na wajukuu wanalelewa na bibi na babu. Serikali inampa mzee wa miaka 60 hadi 69 baht 600 (baht ni fedha ya Thailand) kwa mwezi, na wenye umri mkubwa zaidi huongezewa kidogo. Kiasi hicho hakitoshi kuendesha nyumba. Fungu la mboga linalouzwa sokoni kila asubuhi ndilo linalonunua sabuni, daftari na petroli ya pampu. Ndiyo maana nasikitika ninaposoma ripoti zinazoziita bustani hizi shughuli ya ziada.

Tuje kwenye mpangilio. China ina mabwawa kadhaa makubwa kwenye sehemu ya juu ya mto, na mwezi wa kumi mwaka 2019 bwawa la Xayaburi nchini Laos, lenye uwezo wa megawati 1,285, lilianza kuzalisha umeme kibiashara. Sehemu kubwa ya umeme huo inanunuliwa na Thailand yenyewe. Mabwawa huhifadhi maji ya masika na kuyaachia kiangazi, kwa hiyo kwa wastani kiangazi mto una maji zaidi kuliko zamani. Mtu wa mezani anaweza kudhani hiyo ni neema kwa mkulima. Lakini mkulima amepanda saladi kwenye ukanda wa chini akiamini maji hayatarudi hadi mvua za mwezi wa tano. Yakipanda mita moja kwa siku chache mwezi wa kwanza, kwa sababu mitambo imefunguliwa huko juu, miche yote inazama. Yakishuka ghafla, pampu inabaki juu ya mchanga mkavu na mpira haufiki.

Kushuka ghafla kuna madhara mengine ambayo hayazungumzwi vya kutosha. Maji yakikaa juu kwa muda, udongo wa ukingo hushiba. Mto ukishuka taratibu, maji yaliyomo ndani ya udongo huchujika nje polepole. Mto ukishuka haraka, ukingo hubaki umelowa na mzito huku maji yaliyokuwa yakiuegemeza yameondoka, na kipande kizima humeguka na kuteleza. Familia hupoteza kwa saa moja udongo uliojengwa na mafuriko ya miaka mingi. Jibu la serikali sehemu nyingi limekuwa kuta za mawe na zege. Zinazuia mmeguko, ni kweli, lakini zege haioti nyanya, na penye ukuta bustani imekwisha.

Mwaka 2019 ulionyesha yote haya kwa pamoja. Mwezi wa saba, wakati mto unapaswa kuwa unajaa, vipimo vya Nong Khai na vituo vingine vilikuwa miongoni mwa vya chini kabisa kuwahi kuandikwa kwa msimu huo. Mwishoni mwa mwaka maji yalibadilika rangi, yakawa ya samawati na maangavu. Watalii walipiga picha. Kwangu mimi ilikuwa habari mbaya: maji maangavu ya Mekong ni maji yaliyopungukiwa tope, na mto uliopungukiwa tope huchimba kingo zake badala ya kuzilisha.

Hata wafugaji wa samaki waliguswa. Kwenye vizimba vya Mekong wanafugwa perege wekundu, ambao damu yao ina asili ya Afrika: mwaka 1965 Akihito, wakati huo mrithi wa kiti cha enzi cha Japani, alimpa mfalme wa Thailand perege 50 wa Nile, na kutokana nao samaki huyo akaenea nchi nzima. Kizimba kinahitaji maji yanayopita. Maji yakipungua na kutulia, hewa hupungua na samaki hufa.

Wanavijiji hawakukaa kimya. Mwaka 2012 wananchi wa mikoa minane inayopakana na Mekong walipeleka kesi mahakamani kupinga mkataba wa kununua umeme wa Xayaburi. Kesi ilifika mahakama ya juu ya utawala, ambayo iliitupa mwaka 2022. Kwa upande mwingine, mwaka 2020 China ilikubali kuipa Kamisheni ya Mto Mekong, chombo cha pamoja cha nchi za bonde la chini la mto, takwimu za maji za mwaka mzima, badala ya zile za msimu wa mafuriko peke yake. Hilo ni jambo la maana, lakini takwimu zikiishia ofisini hazimsaidii anayeshika keni ya kumwagilia.

Ushauri wangu kwa wanaopanga mabwawa ni wa kawaida kabisa. Kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa nne, maji yaachiwe kwa kupanda na kushuka polepole, na kijiji kipewe taarifa siku kadhaa kabla, kwa kipaza sauti cha kijiji ambacho tayari kinatumika kila asubuhi kutangaza mikutano na bei. Kwa wakulima, wengi wao wameshaanza wenyewe kufanya ambayo ningewashauri: nyanya wamezipandisha juu, ukanda wa chini wanaachia mboga za siku 30, na mbegu zake hawanunui zote kwa mkupuo, ili maji yakipanda wawe na za kurudia.