Je, wajua ni kwa nini bia ya nyumbani huharibika inapohamishwa chombo?

Mtu anayejitengenezea bia nyumbani huko Marekani, ambako sheria ya shirikisho ya kuruhusu kazi hiyo ilitiwa saini mwaka 1978, anaweza kuchagua kimea bora na maua ya hopsi yenye harufu ya maembe, akasubiri majuma mawili, kisha akaiharibu kazi yote kwa dakika chache za kuimimina bia kutoka ndoo ya kuchachushia hadi kwenye kegi, yaani pipa la chuma la kuhifadhia bia. Baada ya muda rangi ya dhahabu hugeuka kahawia iliyofifia, harufu ya matunda hupotea, na ulimini hubaki ladha ya boksi la karatasi lililolowa maji.

Kinacholeta hayo ni oksijeni. Mwanzoni chachu huihitaji ili izaliane, lakini ikishamaliza kazi na kutuama chini, oksijeni inayoingia hushambulia hopsi na mabaki ya kimea. Maji yaliyo wazi hewani, katika nyuzi joto 20, hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ilhali viwanda makini hujitahidi bia isifikishe hata miligramu 0.1. Wanywaji wa mbege kule Kilimanjaro hawana shida hii, kwa sababu pombe yao hunywewa ingali mbichi, chachu ikiwa bado inafanya kazi.

Wengi huamini kwamba hewa ukaa, kwa kuwa ni nzito, hulala juu ya bia kama blanketi na kuikinga. Imani hiyo hupoteza bia nyingi, kwani gesi huchanganyika zenyewe hata pasipo upepo. Njia ya uhakika ni kuijaza kegi maji yenye dawa ya kuua vijidudu hadi pomoni, kisha kuyasukuma nje kwa hewa ukaa, ili kila tone linalotoka nafasi yake ichukuliwe na gesi hiyo. Halafu mpira mmoja, uliokwisha kutolewa hewa, huunganishwa kutoka bomba la ndoo hadi tundu la kegi lenye mrija unaofika chini kabisa, na mpira wa pili huirudisha gesi ya kegi juu ya ndoo. Bia ikishuka kwa uzito wake, gesi hupanda kuijaza nafasi iliyoachwa, na hewa ya chumbani haipati upenyo. Hapo utazame mpira kwa makini: mlolongo wa viputo vidogo unaoanzia penye kiungo ni dalili kwamba kiungo kimelegea na kinavuta hewa.

Asiye na kegi atumie mrija unaogusa kitako cha chupa, aijaze polepole bila kurusha povu, na aongeze sukari kidogo iliyopimwa, kwa maana chachu inapoamka kuila sukari hiyo hufyonza pia sehemu ya oksijeni iliyofungiwa humo.