Mafia ni nini hasa? Ilivyozaliwa Sicilia na inavyoendeshwa

Mitaani kwetu neno mafia limezoeleka. Mtu akidhulumiwa kiwanja na wenye nguvu, wanasema kafanyiwa umafia. Klabu ikimnyakua mchezaji usiku wakati kesho yake alikuwa asaini kwa wapinzani, huo nao ni umafia wa usajili. (Kisiwa cha Mafia kilichoko mkoa wa Pwani hakihusiki hata kidogo, ni majina tu yamefanana.) Matumizi hayo hayana ubaya, lakini yanaficha jambo la msingi: si kila genge ni mafia, na ukali peke yake haulifanyi genge kuwa mafia.

Jambazi huchukua mali yako akaondoka. Mafia haiondoki. Inabaki pale pale mtaani, inakuuzia ulinzi, inasuluhisha ugomvi wako na jirani, inaamua nani afungue duka na nani apewe zabuni ya barabara, kisha inakuja mwisho wa mwezi kuchukua chake. Kwa maneno mengine, inafanya kazi ambazo zilipaswa kuwa za polisi, mahakama na mamlaka ya kodi, na inazifanya kwa faida yake huku bunduki ikiwa nyuma ya pazia. Ukilishika hilo, mambo mengine yote ya mafia yanaeleweka: kwa nini ilianzia Sicilia, kwa nini ina viapo, kwa nini haikai mbali na wanasiasa.

Sicilia, kisiwa kikubwa kilicho kusini kabisa mwa Italia, kilikuwa chini ya ukabaila hadi mwaka 1812. Mabwana wa ardhi walikuwa na askari wao na mahakama zao. Ukabaila ulipofutwa, ardhi ikaanza kuuzwa na kugawanywa, lakini serikali ya kuilinda mali hiyo mpya haikuwepo. Mwaka 1860 Garibaldi, aliyepigania Italia iwe nchi moja, alitua Marsala, bandari ya Sicilia, na wapiganaji wake, na mwaka uliofuata Sicilia ikawa sehemu ya Ufalme wa Italia. Wasicilia wengi waliuona ufalme huo kwa sura mbili tu: kodi, na jeshi linalokuja kuwachukua vijana. Polisi walikuwa wachache, na barabara za ndani zilijaa wanyang'anyi.

Makabaila wengi waliishi Palermo au Napoli na kuyakodisha mashamba yao kwa wapangaji wakubwa walioitwa gabelloti. Hao nao waliwakodishia wakulima maskini vipande vidogo vidogo kwa bei ya kuwakamua, na kuajiri walinzi wenye bunduki na farasi, campieri, wa kuwatisha. Gabelloto alisimama katikati: juu yake bwana anayemhitaji, chini yake wakulima wanaomwogopa. Wengi wa wakubwa wa mafia ya ndani ya kisiwa, mbali na pwani, walitoka katika tabaka hili.

Lakini mizizi minene zaidi ilikuwa pembeni ya jiji la Palermo, katika bonde lenye rutuba linaloitwa Conca d'Oro. Mwaka 1795 jeshi la majini la Uingereza lilianza kuwagawia mabaharia maji ya limau ili kuwakinga na kiseyeye. Malimau yakawa biashara ya dunia, na katika karne ya 19 meli zilipakia Palermo na Messina makasha kwa makasha kwenda London na New York. Shamba la malimau lilikuwa mali ya ajabu. Liligharimu pesa nyingi kulianzisha, lilihitaji kuta, visima na pampu, na miti ilichukua miaka kabla ya kuzaa. Tena ilikuwa rahisi kulihujumu: ukikatiwa maji wiki chache za kiangazi, au wakija watu usiku kuchuma, mtaji umekwisha. Palipo na mali nono isiyo na polisi, mlinzi anakuwa bwana.

Kisa cha daktari Gaspare Galati kinaonyesha jinsi mambo yalivyokwenda. Mwaka 1872 alianza kusimamia shamba la malimau na machenza, kilomita chache tu kutoka Palermo, kwa niaba ya jamaa zake waliolirithi. Msimamizi aliyemkuta pale, Benedetto Carollo, alikuwa akijimegea sehemu ya mauzo na kuiba hata makaa ya pampu ya mvuke. Daktari akamfukuza. Mara rafiki za daktari, waungwana ambao hawakuwa na sababu ya kujua mambo ya shamba lake, wakaanza kumshauri amrudishe. Akakataa, akaajiri mlinzi mwingine. Julai 1874 mlinzi huyo alipigwa risasi mgongoni akafa. Zikafuata barua za vitisho. Galati akazipeleka polisi. Polisi wakazubaa, akaanza kutambua kwamba afisa mwenyewe ana urafiki na kundi la kijiji cha jirani, Uditore, lililoongozwa na Antonino Giammona. Mlinzi wa pili naye akapigwa risasi. Huyu alipona, akawataja waliompiga, halafu akapatana nao na kesi ikafa. Mwaka 1875 Galati alihamia Napoli na familia yake, akaacha shamba, nyumba na wagonjwa wake wote, na kuiandikia serikali maelezo ya yaliyompata.

Hapo kila kiungo cha mafia kinaonekana: mlinzi anayelazimishwa, waungwana wanaomtetea, polisi aliyewekwa mfukoni, shahidi anayefuta maneno yake. Na kilichotafutwa kilizidi malimau ya msimu mmoja. Walitaka kila mwenye shamba katika bonde lile ajue kwamba hakuna mlinzi, dalali wala mnunuzi atakayeingia bila kibali chao.

Ni kosa kudhani kwamba ulinzi huo ulikuwa uongo mtupu. Mchunga ng'ombe aliyetaka kumuuzia bucha alijua bucha anaweza kumdhulumu, na bucha alijua ng'ombe anaweza kuwa wa wizi. Mtu wa mafia akisimama katikati, biashara ilifanyika na wote wawili walimlipa. Tatizo ni kwamba dhamana hii hustawi pale tu watu wasipoaminiana. Kwa hiyo mafia haina haja ya kuona mahakama ikifanya kazi vizuri, na palipo na amani inaweza kuwasha moto yenyewe ili iitwe kuuzima. Mwanasiasa Leopoldo Franchetti, aliyezunguka Sicilia mwaka 1876 kuchunguza hali ya kisiwa, aliona mapema kwamba pale ukatili umekuwa shughuli ya kiuchumi kama shughuli nyingine.

Wenyewe hawajiiti mafia. Wanaita chama chao Cosa Nostra, yaani "kitu chetu", na mwanachama anaitwa mtu wa heshima. Haya tunayajua kwa uhakika tangu mwaka 1984, pale Tommaso Buscetta, mwanachama aliyekamatwa Brazil na kurudishwa Italia, alipoamua kumweleza hakimu Giovanni Falcone muundo wote. Chini kabisa kuna familia, ambayo si lazima iwe ya damu. Ni kundi linalotawala mtaa au mji mmoja, kwa mfano Ciaculli au Corleone. Wanachama wake hugawanywa katika vikosi vya watu kama kumi, kila kikosi na kiongozi wake, na juu yao yupo mkuu wa familia anayechaguliwa, msaidizi wake na washauri. Familia tatu hivi zilizopakana huunda eneo liitwalo mandamento, na wakuu wa maeneo ya mkoa wa Palermo hukaa katika Tume, baraza lililoundwa mwishoni mwa miaka ya 1950 ili kuzuia mauaji ya kiholela kati ya familia. Hakimu, polisi au mwanasiasa hakuweza kuuawa bila Tume kuridhia. Kipengele hicho ndicho baadaye kilichowatia wakubwa hatiani kwa mauaji ambayo hawakuyafanya kwa mikono yao.

Kuingia kunahitaji kuchunguzwa kwa muda mrefu. Siku ikifika, mwanachama mpya huchomwa kidole, damu hudondoshwa kwenye picha ya mtakatifu, picha huwashwa moto na yeye huihamisha kutoka kiganja hadi kiganja akiapa kwamba mwili wake uungue hivyo hivyo akisaliti. Tangu hapo hatoki. Wanachama wawili wasiojuana hawaruhusiwi kujitambulisha. Ni lazima awepo wa tatu anayewajua wote. Novemba 2007, Salvatore Lo Piccolo, mmoja wa wakubwa wao, alipokamatwa karibu na Palermo, polisi walikuta orodha ya amri zilizopigwa chapa: usitamani wake wa wenzako, usionekane baa, heshimu miadi, uwe tayari kuitikia wito hata kama mkeo yuko katika uchungu wa kuzaa. Mwenye ndugu wa karibu katika polisi haingizwi.

Amri kubwa kuliko zote ni omertà, yaani kunyamaza. Wageni wengi wameidhania kuwa tabia ya asili ya Wasicilia. Naona huko ni kuwaonea. Mtu anayejua kwamba afisa wa kituo anakula meza moja na muuaji hana mahali pa kusemea.

Na siasa ndiyo iliyoifanya idumu. Mafia ilileta kura, mwanasiasa akaleta vibali na kinga. Tarehe 1 Februari 1893 Emanuele Notarbartolo, aliyewahi kuwa meya wa Palermo na mkurugenzi wa Benki ya Sicilia, alichomwa visu ndani ya treni. Mbunge aliyeshtakiwa kuagiza mauaji alihukumiwa, kisha akaachiwa huru kwenye rufaa. Mussolini, dikteta wa Italia, alimtuma Cesare Mori kuifyeka mafia mwaka 1925, maelfu wakakamatwa, wengi wao wadogo. Katika Vita vya Pili vya Dunia, majeshi ya Washirika (Marekani, Uingereza na wenzao) yalipotua mwaka 1943, baadhi ya wakubwa wa mafia walifanywa mameya. Miaka ya 1950 na 1960, Salvo Lima akiwa meya na Vito Ciancimino akishika idara ya ujenzi, bustani za Conca d'Oro zilifunikwa kwa zege, na vibali vingi vikapewa watu wachache waliokuwa majina ya kukodi tu. Malimau yaliyoizaa mafia yaling'olewa na mafia yenyewe.

Miaka ya 1970 heroini ilileta fedha ambazo hazijawahi kuonekana, na pamoja nazo tamaa. Kundi la Corleone chini ya Totò Riina liliwamaliza wapinzani wake wa Palermo kuanzia mwaka 1981, mamia wakafa. Mbunge Pio La Torre, aliyedai sheria mpya, aliuawa Aprili 1982. Jenerali Carlo Alberto dalla Chiesa, aliyetumwa Palermo kupambana na mafia, aliuawa Septemba. Siku chache baadaye sheria ikapita. Kifungu cha 416-bis, ambacho sheria hiyo ilikiingiza katika kanuni ya adhabu, ndicho tafsiri bora ya mafia ninayoifahamu: ni chama ambacho wanachama wake hutumia nguvu ya vitisho, na utiifu na ukimya unaotokana nayo, ili kutenda uhalifu na kushika biashara, vibali na zabuni. Kuwa mwanachama kukawa kosa, na serikali ikapata uwezo wa kutaifisha mali zao.

Falcone na mwenzake Paolo Borsellino walifuata fedha, hundi kwa hundi, benki kwa benki. Kesi kubwa ilianza Februari 1986 katika ukumbi wa zege uliojengwa kando ya gereza la Ucciardone, washtakiwa wakiwa zaidi ya 470. Desemba 1987 zaidi ya 330 walikutwa na hatia. Mahakama ya juu ilizithibitisha hukumu hizo Januari 1992, na kisasi kikafuata: Falcone, mkewe Francesca Morvillo na walinzi watatu walilipuliwa Mei 23 huko Capaci, na Borsellino na walinzi watano Julai 19 mjini Palermo. Watu hao walijua wanakoelekea na hawakugeuka. Wanastahili kutajwa kwa majina kila mafia inapozungumzwa. Riina alikamatwa Januari 1993. Bernardo Provenzano, mrithi wake, alipatikana mwaka 2006 katika nyumba ya shambani karibu na Corleone baada ya miaka 43 ya kujificha, akiongoza kwa vikaratasi vidogo alivyovipiga kwa taipureta. Matteo Messina Denaro, mkubwa mwingine aliyekuwa mafichoni, alikamatwa mbele ya kliniki ya Palermo Januari 2023, akafa kwa saratani Septemba mwaka huo huo.

Leo mafia ya Sicilia imepungua nguvu, ingawa ada ya ulinzi, pizzo, bado inakusanywa. Libero Grassi, mwenye kiwanda cha nguo, alikataa kuilipa hadharani katika gazeti na akauawa Agosti 1991 akiwa ameachwa peke yake na wafanyabiashara wenzake. Tangu mwaka 2004 vijana wa Addiopizzo wameunganisha maduka yanayokataa kulipa, na mteja anayaona kwa kibandiko mlangoni. Mwenye duka mmoja ni rahisi kumchoma moto. Mtaa mzima ni vigumu.

Italia ina makundi mengine. Camorra ya Napoli haina kichwa kimoja, magenge yake huungana na kuparurana. 'Ndrangheta ya Calabria hujengwa juu ya damu na ndoa, ndiyo maana wasaliti wake ni wachache: kumtaja mwenzako ni kumtaja baba au kaka. Kwa biashara ya kokeini imeizidi Cosa Nostra, na mwaka 2007 ugomvi wa koo zake uliua watu sita nje ya mkahawa mmoja huko Duisburg, Ujerumani.

Kilichowauma wakubwa hawa kuliko kifungo ni kunyang'anywa mali. Sheria ya mwaka 1996, iliyodaiwa kwa saini za wananchi zilizokusanywa na mtandao wa padri Luigi Ciotti, inaruhusu nyumba na mashamba yao yapewe jamii. Katika mabonde ya Corleone na San Giuseppe Jato, ushirika ulioanzishwa mwaka 2001 unalima ngano na zabibu kwenye ardhi hiyo. Umepewa jina la Placido Rizzotto, kiongozi wa wakulima wa Corleone aliyeuawa na mafia Machi 1948 kwa kudai ardhi kwa ajili ya wasio nayo.