Ebinyo si meno ya uongo

Mtoto wa miezi sita anaharisha, anachemka homa, hataki kunyonya. Bibi anamfunua mdomo, anaona ufizi umevimba pale chonge zinapotarajiwa kuota, na uamuzi unatoka papo hapo: ana ebinyo, yaani meno ya uongo yanayodhaniwa kumletea ugonjwa, yang'olewe. Tanzania wanayaita meno ya plastiki. Imani hii ni kongwe. Mwaka 1969 Jens Pindborg, mtaalamu wa meno kutoka Denmark, alichapisha uchunguzi wake kuihusu hapa Uganda.

Kinachochimbuliwa kwa spoku ya baiskeli au kisu ni jino changa la kawaida. Ni jeupe na laini kwa sababu halijakomaa, ndiyo maana mng'oaji akilionyesha watu humsadiki. Chonge za utotoni hutokeza kati ya miezi 16 na 22 hivi, lakini huanza kujengeka ndani ya ufizi kabla mtoto hajazaliwa.

Homa na kuharisha vina visababishi vyake: malaria, maji machafu, maambukizi ya kifua. Wapo wanaopona baada ya kung'olewa, nami siwashangai wazazi wanaoamini. Kuharisha kwingi hukoma kwenyewe. Wengine huvuja damu, hupata pepopunda au maambukizi ya damu, na wapo wanaokufa. Chonge za ukubwani nazo huweza kuota zimepinda, au zisiote kabisa.

Mtoto wa namna hii apimwe malaria kituo cha afya, apewe ORS (dawa ya kurudisha maji mwilini) na zinki kama anaharisha, na aendelee kunyonyeshwa. Ufizi uachwe.