Kwa nini manyunyu huangusha pikipiki kuliko mvua kubwa?

Mvua ikianza kudondoka Kigoma, vijiwe vya bodaboda huchangamka ghafla. Kila mtu anataka kufika kabla haijakolea: mama aliyetoka Kibirizi na ndoo ya dagaa, mwanafunzi na daftari zake, mtu wa ofisini aliyesahau mwamvuli. "Twende tu, haya ni manyunyu." Maneno hayo nimeyasema mara nyingi, mpaka siku dereva aliponikatalia. Tulikuwa chini karibu na stesheni ya reli, nami napandisha kwenda Mwanga. Alizima pikipiki, akaisukuma hadi kwenye kibaraza cha duka, akaniambia, "Mama, tuiache ijioshe kwanza." Nilidhani anakwepa kulowa. Kumbe alikuwa anaisemea barabara.

Je, wajua kwamba lami huteleza zaidi dakika za mwanzo za mvua kuliko ikishapigwa na mvua ya nguvu kwa nusu saa?

Tuanzie kiangazi. Huku kwetu kuanzia Juni hadi Septemba mvua karibu haipo kabisa. Miezi yote hiyo lami inapokea uchafu bila kuogeshwa. Vumbi jekundu linatua. Injini chakavu zinadondosha oili, malori yanadondosha dizeli, na tairi zinasagika kidogo kidogo na kuacha unga mweusi wa mpira. Kigoma tunaongeza vya kwetu: madumu ya mawese yanayofungwa nyuma ya pikipiki na kuvuja kwenye mfuniko, na maji ya samaki yanayochuruzika kutoka kwenye matenga.

Lami kwa macho inaonekana laini, lakini pitisha kiganja uone. Imejaa vijiwe vidogo vilivyochomoza. Mpira wa tairi hubonyea kati ya vijiwe hivyo na kuvikamata, na huko ndiko breki inakopata nguvu yake. Uchafu wa miezi minne ukishajaa kwenye vile vishimo, halafu yakaja matone machache, maji hayatoshi kuuondoa. Yanatosha kuukoroga tu. Unapatikana uji mwembamba wa vumbi, mafuta na mpira, umekaa katikati ya tairi na barabara.

Ni kama sabuni. Paka sabuni mikononi, ongeza maji kidogo, kisha jaribu kushika bakuli la udongo: litakuponyoka. Suuza kwa maji mengi na mikono inashika tena, ingawa bado imelowa. Mvua kubwa ndiyo inayosuuza.

Hili limepimwa. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2004, uliopitia ajali za barabarani za tangu 1975 hadi 2000, ulikuta kwamba sentimita moja ya mvua huongeza ajali za vifo kwa takriban asilimia 3 ikiwa zimepita siku 2 tu tangu mvua ya mwisho. Zikiwa zimepita zaidi ya siku 20, ongezeko linafika takriban asilimia 9. Hapo wanahesabu siku ishirini. Sisi mvua ya kwanza ya msimu inatukuta baada ya miezi.

Gari likiteleza, mara nyingi linabaki limesimama kwenye magurudumu yake manne. Pikipiki inashikwa na sehemu mbili tu za mpira, kila moja ukubwa wa kiganja hivi. Gurudumu la nyuma likijifunga, pikipiki inayumba na dereva mzoefu anaweza kuiokoa kwa kulegeza breki. La mbele likijifunga kwenye utelezi, usukani haufanyi kazi tena na chombo kinalala kabla hujasema neno. Ndiyo sababu madereva wengi wameamua kutoigusa breki ya mbele kabisa. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao, kwa kuwa unapofunga breki uzito unakimbilia mbele, na gurudumu la nyuma peke yake halina nguvu ya kusimamisha chombo upesi. Kinachofaa ni kutumia zote mbili, ya mbele ikikamuliwa polepole kama unayekamua chungwa bovu, pikipiki ikiwa imenyooka. Breki zishikwe kabla ya kona, si ndani yake.

Hata lami iliyokwisha kuoshwa haiwi kama kavu. Piga hesabu ya kilomita 40 kwa saa. Kwenye lami kavu nzuri, tangu breki ishike, pikipiki inasimama ndani ya mita 9 hivi. Mshiko ukipungua nusu, inahitaji mita 18. Na kabla ya hapo kuna ile sekunde moja ya kuona na kuamua, ambayo peke yake inakula mita 11. Kwa hiyo anayekimbia nyuma ya daladala akiwa ameacha urefu wa gari moja anategemea bahati.

Sasa njoo kwenye jambo linalowachanganya wageni. Acha lami pale Mwandiga, ingia njia ya udongo kuelekea mashamba ya michikichi, na kanuni inageuka. Huko manyunyu ni rafiki: yanalaza vumbi na ardhi chini bado ni ngumu. Hatari inakuja baada ya saa nzima ya mvua, na inabaki hata jua likitoka. Chembe za udongo wa mfinyanzi ni bapa, zimelaliana kama kurasa za kitabu. Maji yakipenya katikati, kurasa zinateleza moja juu ya nyingine. Tope pia linajaa kwenye kashata za tairi, hata tairi mpya inageuka kipara baada ya mita chache. Huko breki ya mbele iache kweli, shika gia ndogo, mafuta yaingie kidogo kidogo bila kukurupuka.

Na pale njia ya udongo inapokutana na lami ndipo ninapopaogopa kuliko pengine pote. Kila chombo kinachopanda lami kinaacha tope lake palepale. Dereva anaona lami, moyo unatulia, anaongeza mwendo, naye bado yuko juu ya udongo.

Kuhusu chombo chenyewe, breki ndizo zinazodai maelezo. Pikipiki nyingi za bodaboda zina breki za ngoma, zile ambazo vipande vyake viko ndani ya gurudumu na havionekani. Ukivuka dimbwi refu maji huingia humo, na breki iliyokuwa kali dakika moja iliyopita inakuwa kama haipo. Ukitoka majini nenda taratibu huku umeigusa breki kidogo tu. Joto la msuguano litaikausha, nawe utausikia mshiko ukirudi. Usisubiri kuligundua hilo kwenye mteremko.

Cheni nayo inaoshwa oili yote kila mvua inaponyesha, kisha inashika kutu na mchanga. Ipakwe jioni, chombo kikiwa kimepumzika, kwa kiasi, na ziada ifutwe. Anayeimwagia oili chafu asubuhi na kuondoka papo hapo anairushia tairi yake mwenyewe. Tairi kipara, hakuna la kujadili: ibadilishwe kabla ya msimu.

Abiria nasi tuna sehemu yetu. Mwamvuli uliofunguliwa juu ya pikipiki unashika upepo kama tanga la ngalawa, na dereva ndiye anayepambana nao. Koti la mvua linaloning'inia, au pindo la kitenge, linaweza kumezwa na cheni. Kaa karibu, fungia nguo zako, usijipinde upande wako unapoona kona. Zaidi ya yote, usimharakishe. Yeye tayari ana hesabu ya bosi kichwani, na dakika hizo za manyunyu ndizo zenye wateja wengi. Ukimwambia "twende tu", unampa sababu ya mwisho aliyokuwa akiitafuta.

Siku ile pale kibarazani tulikaa kama dakika ishirini. Nilimuuliza atajuaje kwamba tayari. Akanionyesha ukingoni mwa barabara, maji yalipokuwa yanashuka kuelekea ziwani. Mwanzoni yalikuwa meusi, yana povu na zile rangi rangi za mafuta. Baadaye povu likaisha, yakabaki maji ya mvua yenye wekundu kidogo wa udongo. Mvua ilikuwa imezidi kuliko tulipoanza kusubiri. Akawasha pikipiki, tukapanda kilima kwa gia ya pili, tumelowa wote wawili.