Je, wajua kwa nini injini ya pikipiki iliyofungwa upya nyumbani hurudia ugonjwa uleule?

Pistoni mpya, ringi mpya (zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni), gasketi mpya: vyote vimenunuliwa Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, na kufungwa kwa uangalifu uani, katika mitaa kama Ndosho au Majengo. Pikipiki inawaka, inanguruma vizuri, mwenyewe anarudi barabarani kutafuta abiria. Wiki chache baadaye moshi wa buluu umerudi, oili inapungua, na mlimani nguvu hakuna. Anafungua tena, ananunua ringi tena. Hapa Goma jibu la haraka ni kwamba vipuri ni feki. Vipuri feki vipo, sikatai. Ila mara nyingi hata kipuri halisi kingekufa vilevile, kwa sababu kilichobadilishwa ni kile kilichoharibika, na kilichokiharibu kimeachwa humohumo.

Tuanze na silinda. Katika injini hizi ndogo za cc 100 hadi 150, nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda ni sehemu chache tu za mia za milimita. Jicho haliioni, na kidole hakiihisi. Tena silinda hailiki sawasawa: huliwa zaidi juu, pale ringi zinapogeukia, na upande ule pistoni inakosukumwa ikiteremka. Mwishowe tundu linakuwa na umbo la yai. Ringi mpya ni duara kamili. Ukiitia ndani ya yai, pembeni zinabaki nafasi. Gesi inapenya kwenda chini, oili inapanda juu na kuungua.

Asiye na maikromita, kifaa cha kupimia vipimo vidogo sana, ana njia nyingine. Chukua ringi moja, iingize peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa huko juu, kisha angalia pengo lililopo kati ya ncha zake mbili. Lipime kwa bamba jembamba la kupimia valvu. Isukume chini kabisa, mahali ambapo silinda haijaliwa sana, upime tena. Silinda ikipanuka kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, pengo huongezeka kwa sehemu tatu, kwa kuwa mzingo wa duara ni zaidi ya mara tatu ya kipenyo chake. Kwa hiyo ringi inakuza ubovu hadi uonekane. Pengo la juu likiwa kubwa waziwazi kuliko la chini, silinda hiyo inahitaji kuchongwa na mwenye mashine, na pistoni ya saizi inayofuata. Ringi peke yake ni pesa ya kutupa.

Halafu kuna vumbi, na hapa mji wetu una shida yake. Mwaka 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma, na barabara nyingi za mitaa zimelala juu ya mawe hayo. Magurudumu yanayasaga kila siku. Vumbi lake ni kali, na likichanganyika na oili hugeuka msasa. Linaingia kupitia chujio la hewa lililochanika, au kupitia mpira unaounganisha chujio na kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ukiwa umepasuka. Vua mpira huo, pitisha kitambaa cheupe ndani yake. Kikitoka na vumbi, hapo ndipo ringi zako zilikofia, na zile mpya zitafia hapohapo.

Vumbi hilohilo huingia siku ya kufungua injini. Upepo unapuliza, vipuri vimelala juu ya gunia. Mbaya zaidi ni silinda iliyotoka kuchongwa au kukwaruzwa kwa jiwe la kunolea, kisha ikaoshwa kwa petroli tu. Petroli huondoa mafuta, lakini chembe za jiwe hilo hubaki zimenasa ndani ya mikwaruzo. Dawa yake ni maji ya moto, sabuni na brashi, tena na tena, kisha kukausha na kupaka oili mara moja kabla kutu haijaanza. Kitambaa cheupe chenye oili kikipita ukutani na kutoka cheupe, umemaliza.

Moshi nao usomwe kabla ya kushika spana. Wa buluu unaotoka ukiongeza mafuta mlimani huelekeza kwenye ringi. Wa buluu unaotoka baada ya kuteremka mteremko mafuta yakiwa yamefungwa, pale tu unapofungua tena, mara nyingi ni mipira midogo inayozuia oili isipite kwenye shina la valvu. Mweusi ni petroli iliyozidi. Goma iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na msukumo wa hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani. Kabureta iliyopangwa kwa nchi ya chini humwaga petroli kupita kiasi, nayo huosha oili kwenye ukuta wa silinda. Sioni sababu ya kubomoa injini kabla kabureta haijaangaliwa.

Safari za kwanza zina uzito wake. Ringi hubanwa ukutani hasa na gesi inayowaka. Kuiacha injini ingurume saa nzima bila kwenda hakusaidii. Ukuta unakuwa laini mno na ringi hazikai. Kubeba abiria wawili hadi mji wa Sake siku hiyohiyo nako kunaichemsha. Endesha bila mzigo, ukiongeza na kupunguza mwendo, kisha mwaga oili ya kwanza mapema, ndani ya kilomita mia chache. Unga laini unaong'aa ndani yake ni wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole, hasa vikivutwa na sumaku, vinataka injini ifunguliwe kabla ya safari nyingine.