Eti Ukristo wa Uingereza ulianzishwa na Henry VIII? Dhana potofu na ukweli wake

Kila watu wakianza kubishana mambo ya dini, lazima atokee mmoja aseme Ukristo wa Waingereza ulianza pale mfalme wao Henry VIII alipotaka kumwacha mkewe. Jamani. Henry alijitenga na Papa mwaka 1534, kanisa huko lilishakuwepo zaidi ya miaka 900, na hicho cheo cha Askofu Mkuu wa Canterbury ambacho Waanglikana wa huku wanakisikia mpaka leo, wa kwanza kukishika ni Augustino.

Augustino mwenyewe naye anachanganywa. Siyo yule Mwafrika wa Hippo, yule alikufa 430. Huyu ni mmonaki wa Roma, Papa Gregori Mkuu alimtuma na wenzake mwaka 596, njiani wakaingiwa na woga wakataka kugeuza, Papa akawaambia songeni mbele, wakafika Kent, ufalme wa kusini-mashariki mwa Uingereza, 597.

Halafu eti ndiye wa kwanza kupeleka Ukristo kisiwani. Wapi! Enzi za Warumi Wakristo walikuwepo, maaskofu watatu wa Britania walihudhuria mkutano wa kanisa huko Arles, Ufaransa ya leo, mwaka 314. Waanglo-Saksoni, makabila ya Kijerumani, ndio walikuja baadaye na miungu yao, kina Woden. Hata hapo Kent, malkia Bertha, binti wa mfalme wa Wafaranki, alikuwa Mkristo tayari, aliolewa na mfalme Æthelberht kwa sharti kwamba dini yake haiguswi, akaja na askofu wake Liudhard, na kanisa alilokuwa anasali, la Mtakatifu Martin, bado lipo Canterbury. Mama kaandaa mazingira yote, sifa kachukua Augustino.

Ila inayonichekesha zaidi ni ile ya kudhani mfalme akishabatizwa nchi nzima imeokoka. Æthelberht alivyokufa 616 mwanae Eadbald alikuwa bado mpagani na akamwoa mjane wa baba yake, huku London wakamfukuza askofu wao Mellitus. Rædwald, mfalme wa East Anglia, kabatizwa Kent, karudi kwake kaweka altare mbili hekalu moja, ya Kristo na ya miungu, hataki ugomvi na mtu. Edwin, mfalme wa Northumbria kule kaskazini, kabatizwa 627, haikupita miaka mingi akauawa vitani na Penda wa Mercia, mpagani, na mshirika wa Penda vita hiyo alikuwa Cadwallon, mfalme Mbritoni (wenyeji wa kabla ya Waanglo-Saksoni), Mkristo kabisa. Siasa tupu.

Na siyo kwamba kila kitu kilitoka Roma. Kaskazini kazi kubwa ilifanywa na Waairishi, mmonaki Aidan alitoka Iona, kisiwa cha wamonaki wa Kiairishi huko Skotlandi, akaenda kisiwa cha Lindisfarne, Northumbria, 635, Kiingereza hakijui vizuri, mfalme Oswald wa hapo ndiye anamtafsiria. Baadaye wafuasi wa Waairishi na wa Roma wakavutana kuhusu tarehe ya Pasaka mpaka kikao cha Whitby 664, mfalme Oswiu akaamua wafuate Roma. Waliokuja kulipanga kanisa baada ya hapo walikuwa Theodore, Mgiriki wa Tarso, na Hadrian kutoka Afrika Kaskazini, sasa sijui wanaosema ni "dini ya mzungu" hawa wanawaweka wapi.

Na je, watu walilazimishwa kwa upanga? Papa Gregori aliagiza 601 mahekalu ya wapagani yasibomolewe, sanamu tu ziondolewe, kwa hiyo mara nyingi ilikuwa ushawishi. Lakini kisiwa cha Wight, cha mwisho kabisa kuingia Ukristo, 686, kilichukuliwa na Cædwalla, mfalme wa Wessex, kwa mauaji, na Cædwalla mwenyewe alikuwa hajabatizwa! Alibatizwa Roma 689, akafa siku chache baadaye.