Sato, perege au chotara? Umbo lina lake na DNA ina lake

Juzi nilikua Kibamba kwa dada mmoja anafuga samaki nyuma ya nyumba, bwawa la turubai tu, akanipigia simu "dokta njoo uniangalizie, nimeuziwa vifaranga vya sato ila naona kama nimepigwa". Akavuta wavu akanipa mmoja mkononi. Nikamkunjua mkia. Sato wa kweli mkia wake una mistari inayoshuka toka juu mpaka chini, imepangika kama nondo za dirisha, perege wetu wa Rufiji hana hiyo kitu. Sasa huyu wa Kibamba alikua na mistari miwili mitatu imefifia afu mingine imekatikia katikati. Nikamwambia kwa macho huyu ananinukia chotara, ila macho peke yake siyaamini. Akaniuliza kwani si ndo kazi yako?

Ndo kazi yangu kweli, kutambua samaki ni wa aina gani, na ngoja niieleze maana watu wengi wanadhani tunachungulia kwenye hadubini tu basi.

Kwanza umbo. Samaki analazwa ubavu kwenye kipande cha sponji ya godoro (ya kwangu nimekata kwenye godoro la zamani, usicheke), mapezi yanatandazwa kwa pini, rula pembeni, picha inapigwa kwa juu. Afu kwenye kompyuta unaweka pointi: ncha ya mdomo, jicho, pezi la mgongo linapoanzia, linapoishia, shina la mkia, na kila samaki unafuata mpangilio uleule bila kuruka hata moja. Programu inaondoa ukubwa, inaondoa na namna samaki alivyokaa kwenye picha, kinachobaki ni umbo tupu, hapo ndo unaweza kulinganisha samaki wa bwawa hili na wa mto ule. Inachosha macho balaa. Na ina mitego, samaki akiganda amejikunja kwenye barafu kompyuta itakuonyesha umbo la ajabu, unashangilia umepata spishi mpya kumbe jamaa alilala vibaya.

Mtego mkubwa zaidi ni chakula. Kuna samaki mmoja wa Ziwa Viktoria, Astatoreochromis alluaudi, anayekula konokono anakua na taya za kooni nene zenye meno ya kusagia, ila ukimlea kwa chakula laini taya zinakua nyembamba. Jeni hazijabadilika, ni maisha tu. Kwahiyo ukimkuta samaki wa bwawani ana kichwa tofauti na ndugu zake wa mtoni usikimbilie kusema wametengana.

Ndo tunaenda kwenye DNA. Unakata kipande cha pezi kama ukucha, unatia kwenye ethanoli (spiriti), samaki unamrudisha majini na pezi linaota tena. Ila kata KABLA ya kumtia samaki kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhia, tafadhali. Nikiwa mwanafunzi nilirudi toka mtoni na ndoo nzima ya samaki nimewatumbukiza kwenye fomalini wote ili wasiharibike, umbo lilibaki zuri kabisa, DNA ikatoka vipande vipande haisomeki, msimu mzima wa kazi umeenda hivyohivyo. Mwalimu wangu hakunigombeza, alinyamaza tu, bora angenigombeza.

Na DNA nayo unaweza kuisoma vibaya. Iliyo rahisi na bei nafuu kuipima ni ile ya maitokondria, vijisehemu vya ndani ya seli, ambayo mtoto anaipata kwa mama tu. Sasa wafugaji wanapenda madume maana yanakua haraka, na ukimpandisha sato jike na perege dume wa jamii ya hornorum, watoto karibu wote wanatoka madume, kwahiyo wapo wanaochanganya kwa makusudi kabisa. Mtoto huyo ukimpima maitokondria atasoma sato asilimia mia, wakati nusu yake ni perege. Ni kama kumuuliza mtu ukoo wa mama tu afu ukajifanya umemjua wote. Lazima uende na zile jeni za kwenye kiini cha seli, za baba na mama.

Mfano mkubwa wa umbo na DNA kutokukubaliana tunao hapahapa nchini, kipunji, kima wa msituni. Wawindaji kule Rungwe walikua wanamjua siku nyingi, sayansi ikamtangaza 2005 kwa picha, na kwa umbo lake akawekwa kundi moja na mangabe, aina nyingine ya kima. Baadaye mmoja akafia kwenye mtego wa mkulima, DNA ikapimwa, 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, kwa sababu jeni zilimweka karibu na nyani. Haikuishia hapo, baadaye ikaonekana kipunji wa Rungwe wana maitokondria ya nyani kutokana na kuchanganyika zamani, wakati wenzao wa msitu wa Ndundulu, kule Udzungwa, hawana. Yani hata kule msituni kuna uchotara.

Ila ninachokipenda kuliko vyote ni Ziwa Masoko, wengine wanaita Kisiba, hukohuko Rungwe. Ni ziwa la volkano, upana kama mita 700 tu, unalizunguka kwa miguu. Ndani kuna samaki mdogo, Astatotilapia calliptera, madume ya karibu na ufukwe ni ya njano, ukishuka mita 20 hivi unakuta ya bluu, na vichwa na taya za kooni vinatofautiana. Mwaka 2015 watafiti wakatoa matokeo ya jenomu nzima (yani DNA yote) za samaki 146, wakakadiria makundi hayo yameanza kuachana ndani ya miaka 500 mpaka 1,000 iliyopita, na tofauti kubwa zimejikusanya kwenye visehemu 55 tu vya jenomu, sehemu nyingine zote bado wanafanana. Moja ya jeni zinazotofautiana ni ya jicho, ile ya kuonea kwenye mwanga hafifu, na kule chini giza lipo kweli. Hapo umbo, rangi na jeni vyote vinasema kitu kimoja, ndo maana tunathubutu kusema wanaachana. Ni nadra sana kupata hivyo.

Turudi Kibamba. Nilikata mapezi ya samaki kumi, maitokondria zimerudi, wote sato, na sasa umeshajua kwanini hiyo hainisaidii kitu. Za kiini bado nazisubiri. Jana nikampigia dada nimwombe yule mwenye mistari iliyokatika nimpige picha tena vizuri kwenye sponji, akacheka, "dokta yule mbona tumeshamkaanga".